Mswidi Mbele ya Seng'enge

Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uswidi aliyekuwa anaishi uhamishoni Roma baada ya nchi yake kuacha Ukatoliki, alichapisha kitabu kinene kuhusu watu wa kaskazini. Humo alieleza mbayuwayu wanakokwenda majira ya baridi: wanashikamana makundi makundi, wanazama ziwani na kulala chini ya barafu mpaka jua lirudi. Akaweka na picha ya wavuvi wanaowavua kwa wavu. Miaka mia mbili baadaye Carl Linnaeus, mtu aliyewapangia viumbe wa dunia nzima majina ya kisayansi, bado alikuwa anaikubali habari hiyo. Mbayuwayu wenyewe muda huo walikuwa kusini mwa Afrika, wakidaka wadudu juu ya nyasi na kulala kwenye matete. Kijijini Mount Moreland, karibu na Durban, walikuwa wakikusanyika kwa mamilioni kila jioni ya majira hayo, na uwanja wa ndege wa King Shaka ulipofunguliwa jirani mwaka 2010 ilibidi uwekewe rada ya kuwaangalia.

Linnaeus hakufika kusini, lakini wanafunzi wake walifika. Anders Sparrman na Carl Peter Thunberg walitia mguu Rasi ya Tumaini Jema mwaka huo huo mmoja, 1772. Thunberg alikaa miaka mitatu, akijifunza Kiholanzi ili apate njia ya kuingia Japani, na kati ya safari na safari akakusanya mimea zaidi ya elfu tatu. Karne iliyofuata akaja Johan August Wahlberg, aliyeuawa na tembo aliyejeruhiwa mwaka 1856 katika nchi ambayo leo ni Botswana. Jina lake limebaki kwa tai mmoja wa rangi ya kahawia. Kisha Charles John Andersson, aliyeshuka Walvis Bay mwaka 1850. Kisha Axel Eriksson, mfanyabiashara wa Omaruru, aliyeuza bunduki na kununua pembe za ndovu na manyoya ya mbuni, na katikati ya biashara hiyo isiyo safi sana akakusanya ndege kwa utulivu wa ajabu. Ndege wake wako mpaka leo katika makumbusho ya Vänersborg, mji wa kwao, wakiwa wamekaushwa na kupangwa kwenye makabati ya vioo.

Nimeanza na hao kwa sababu Mswidi wa leo anayeishi Cape Town, Windhoek au Gaborone bado ana kitu chao. Hakamati tena ndege, na tembo anamtazama kwa mbali. Lakini mwulize Jumapili alikuwa wapi. Atakwambia alikuwa nje, na kwa neno hilo hana maana ya barazani.

Waswidi hawa si wengi, na si wa aina moja. Wako wahandisi wa mashine za migodini, watu wa ubalozi na mashirika ya maendeleo, watafiti, wamisionari wa Kilutheri waliobaki, na waliooa au kuolewa huko. Kuna pia wastaafu na wafanyakazi wa kompyuta wanaokuja Cape Town Novemba na kuondoka Machi, wakilikimbia giza la kwao sawasawa na mbayuwayu. Saa ya Afrika Kusini na ya Stockholm zinapishana kwa saa moja tu wakati huo, kwa hiyo mtu anaweza kumtumikia mwajiri wa Uswidi asubuhi na jioni akaogelea.

Sasa, nyumbani kwake. Mtu wa Pwani akiingia hatapotea: viatu vinavuliwa mlangoni, bila mjadala. Saa nane au tisa alasiri kahawa inatengwa, pamoja na mikate midogo ya ngano iliyosokotwa, yenye mdalasini na iliki. Ndiyo, iliki, ukifumba macho utadhani umeletewa mahamri. Mazungumzo ya kahawa hayana haraka, ila saa ya kufika ina haraka. Ukialikwa saa kumi, saa kumi na robo unatakiwa kueleza. Watoto wanapewa peremende Jumamosi tu, wakazimaliza siku hiyo hiyo. Kuosha vyombo ni kwa zamu, mume na mke.

Hapo kwenye vyombo ndipo Afrika Kusini inapomchanganya. Kwao kuajiri mtu akufulie na kukupikia ni jambo la matajiri, na wengi wanalionea haya. Anafika Johannesburg, nyumba aliyopangishwa ina chumba cha mtumishi nyuma, na dada aliyefanya kazi kwa mpangaji aliyepita anakuja getini kuuliza kama kazi bado ipo. Wengine wanakataa kwa msimamo, wakidhani wamemheshimu, kumbe wamemnyima mkate. Wengi huishia kumwajiri, wakamlipa zaidi ya jirani, wakamwandikia mkataba na likizo kama ya kwao ya wiki tano, kisha wanasafisha nyumba usiku kabla hajaja ili asione uchafu. Sheria yenyewe imechelewa: ni mwaka 2022 tu ndipo kima cha chini cha mshahara wa wafanyakazi wa nyumbani kilipolinganishwa na cha wafanyakazi wengine wa nchi.

Sikukuu zao nazo zinapinduka. Desemba 13 ni siku ya Lucia: msichana aliyevaa kanzu nyeupe anatembea gizani na taji la mishumaa, nyuma yake wenzake wanaimba, na watu wanakula mikate ya zafarani. Imebuniwa kwa ajili ya asubuhi ambayo jua linachomoza karibu saa tatu. Pretoria siku hiyo kumekucha tangu saa kumi na moja, kuna joto, na nta inayeyuka kabla wimbo haujaisha. Sikukuu ya katikati ya kiangazi, ile ya mlingoti wa maua, inaangukia Juni, wakati Cape Town kunanyesha na usiku unaingia mapema. Wanacheza hivyo hivyo, na makoti ya mvua juu ya nguo za asili. Nadhani hapo ndipo utajua kwamba mila ni mila, maana anayefanya jambo kwa sababu hali ya hewa inaruhusu huyo anastarehe tu.

Lakini kiini chao kiko nje ya nyumba, na hapa inabidi nikae kidogo.

Uswidi karibu asilimia 70 ya ardhi ni misitu, na sehemu kubwa ya misitu hiyo ni mali ya watu binafsi na makampuni. Hata hivyo yeyote anaweza kuingia. Anatembea, anachuma beri na uyoga, anaoga ziwani, anapiga hema usiku mmoja au miwili, kisha anaondoka bila kumlipa wala kumwuliza mtu. Masharti yake ni machache: usikaribie nyumba ya mtu, usikanyage mazao, usisumbue, usiharibu. Ni desturi ya zamani iliyokuja kuingizwa kwenye katiba mwaka 1994, na mtoto anaifahamu kabla hajajua kusoma. Kwetu anayeingia kwa mwenzake hupiga hodi hata kama mlango uko wazi. Mswidi msituni hapigi hodi, wala haoni kama amemkosea mtu adabu. Kwake msitu hauna mlango.

Mchukue mtu aliyelelewa hivyo umpeleke Namibia. Nchi ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba laki nane na watu wapatao milioni tatu. Anaendesha gari saa nne bila kuona kijiji, moyo unamfunguka, anasimamisha gari ili atembee kidogo kuelekea kile kilima, na hatua ishirini kutoka barabarani anakutana na seng'enge. Upande wa pili wa barabara, seng'enge. Anaendelea kilomita mia, seng'enge ziko naye. Ni mashamba ya mifugo, kila moja na mwenyewe, na geti lina kufuli. Akielekea kaskazini anaukuta uzio mwingine mrefu zaidi, ule wa kuzuia magonjwa ya mifugo, ambao chanzo chake ni udhibiti wa sotoka uliowekwa na Wajerumani miaka ya 1890, na ambao mpaka leo unawazuia wafugaji wa kaskazini kuteremsha ng'ombe wao kwenye soko la kusini. Nchi pana kuliko zote alizowahi kuona, na hana pa kukanyaga.

Kwa hiyo anajifunza kuomba. Kutembea bonde la Fish River, safari ya kama siku tano ndani ya korongo, kunaruhusiwa kuanzia Mei mosi hadi katikati ya Septemba, kwa kikundi kilichojiandikisha, na kila mmoja awe na cheti cha daktari kwamba mwili wake utahimili. Kwao kuna njia ya miguu ya Kungsleden, zaidi ya kilomita 400 milimani, na hakuna geti lenye kufuli wala anayekuuliza habari za moyo wako. Wapo wanaokasirishwa na urasimu huo mpaka waone joto la chini ya korongo na umbali uliopo kati ya mgonjwa na hospitali. Kisha wananyamaza.

Hifadhi ya Kruger inamsumbua zaidi. Pale nje yenyewe ni ya kutazamwa dirishani. Haruhusiwi kushuka kwenye gari isipokuwa penye vituo maalumu, na jioni geti la kambi likifungwa aliyechelewa anatozwa faini. Nyumbani kwao kuna dubu zaidi ya elfu mbili na watu wanachuma beri kati yao, kwa hiyo mwanzoni anadhani masharti haya ni woga wa watalii. Dawa yake ni kujiandikisha kutembea alfajiri na askari wawili wenye bunduki. Anaambiwa wafuatane mmoja nyuma ya mwingine, hakuna kuzungumza, na lolote litakalotokea asikimbie. Huko kutozungumza kunampendeza sana. Nimesikia wenyeji wa safari hizo wakisema Waswidi na Wafini ndio wageni pekee ambao huhitaji kuwakumbusha.

Cape Town ingeonekana rahisi, mlima uko katikati ya mji. Mswidi anapenda kutembea peke yake, kwake upweke wa msituni ni mapumziko. Mlima wa Table una njia nzuri na pia una vibaka, na ushauri unaotolewa ni kwenda watu wanne au zaidi. Basi mtu ambaye kwao angekwepa kupanda lifti na jirani analazimika kujiunga na kikundi cha watu asiowajua, wanaozungumza kuanzia chini mpaka juu. Ajabu ni kwamba wengi wanapata marafiki wa kweli hapo, jambo ambalo Stockholm lingewachukua miaka. Mahali anapong'ara bila msaada wa mtu ni baharini. Mkondo wa Benguela unaleta maji ya baridi kali ufukwe wa magharibi. Watalii wanatia kidole na kurudi. Yeye anaingia mpaka shingoni, anatulia, anatoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa na kuuliza kahawa iko wapi.

Botswana somo lake lilikuwa la aina nyingine. Huko ardhi nyingi ya vijijini inasimamiwa kijamii, na uzio si mwingi kama wa Namibia; kwa macho yake imefanana na kwao hatimaye. Anaegesha gari, anapiga hema chini ya mgunga, anawasha moto. Baada ya saa moja mzee anatokea na mbwa wake, anasimama kando. Mswidi anamweleza kwamba hatakaa, ataondoka asubuhi, hataacha taka. Yote ni kweli na yote si jibu. Alitakiwa kwanza aseme "Dumela, rra", aulizwe alivyoamka, naye aulize, kisha aelekezwe aliko mkuu wa kijiji, aende kwake kabla ya kupiga hema. Akifanya hivyo atapewa mahali pazuri kuliko alipochagua, na pengine kuni. Hakuna anayemnyima ardhi. Kosa lake ni kuikuta ardhi kabla ya kuwakuta watu.

Sehemu moja ambapo Mswidi na mwenyeji wanaelewana bila mkalimani ni kwenye mateso ya hiari. Kila mwaka, kati ya Durban na Pietermaritzburg, watu hukimbia Comrades, karibu kilomita 90 za vilima. Mbio hizo zilianza Mei 1921, alipozianzisha Vic Clapham kuwakumbuka wenzake waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Machi 1922, miezi kumi tu baadaye, Uswidi ilianzisha Vasaloppet: kilomita 90 za kuteleza kwa skii kutoka Sälen hadi Mora, kukumbuka jinsi Gustav Vasa alivyomkimbia mfalme wa Denmark majira ya baridi ya 1520 na 1521. Walioanzisha huku hawakujuana na walioanzisha kule.

Na haikuishia hapo. Mwaka 1923 Frances Hayward alikataliwa kujiandikisha Comrades kwa sababu ni mwanamke, akakimbia hivyo hivyo na kumaliza; medali hakupewa, watazamaji na wakimbiaji wakamchangia seti ya chai ya fedha. Mwaka huo huo, 1923, Margit Nordin, mwalimu wa mazoezi ya viungo, alimaliza Vasaloppet, na mwaka uliofuata wenye mbio wakapiga marufuku wanawake. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1981. Comrades ilifungua mlango rasmi mwaka 1975, kwa wanawake na kwa Waafrika kwa pamoja. Robert Mtshali alikuwa amekwisha kuikimbia yote bila kutambuliwa tangu 1935. Mshindi wa kwanza mweusi, Sam Tshabalala, alipatikana mwaka 1989.

Hata ukatili wa mwisho unafanana. Kwenye Vasaloppet, saa ikifika, kamba inavutwa kukata njia kwenye kituo, na aliye nyuma yake anapanda basi. Comrades saa ya kumi na mbili ikitimia afisa anasimama kwenye mstari akiwapa mgongo wanaokuja, ili asimwone yeyote na kumhurumia, anafyatua bunduki hewani. Aliye mita mbili nyuma amekosa medali. Mswidi anayekimbia Comrades hahitaji kuelezwa kanuni hizi. Anachoshangaa ni kelele: moshi wa nyama choma kando ya barabara tangu alfajiri, watu wanaimba Shosholoza kabla ya kuanza, bibi asiyemjua anampa viazi vyenye chumvi na kumwita mwanangu. Kwao anayekushangilia hukupa supu tamu ya beri za buluu na kurudi nyuma hatua moja. Mwaka 2013 mshindi alikuwa Claude Moshiywa wa Afrika Kusini, na wa pili Jonas Buud, Mswidi wa klabu ya IFK Mora, yaani mji ule ule ambako Vasaloppet inaishia.

Kuna Waswidi wa rika jingine ambao hawakuja kwa ajili ya milima. Bunge lao liliruhusu misaada rasmi kwa vyama vya ukombozi mwaka 1969, jambo ambalo nchi nyingine za Magharibi wakati huo hazikuwa zimelithubutu, na sisi Tanzania tuliona matunda yake Mazimbu, Morogoro, ambako shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu ilijengwa kwa msaada mkubwa wa nchi za Nordiki. Waziri mkuu wao Olof Palme alizungumza pamoja na kiongozi wa ANC Oliver Tambo mkutanoni Stockholm Februari 21, 1986, na wiki moja baadaye akauawa kwa risasi barabarani. Bernt Carlsson, kamishna wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Namibia, alikufa katika ndege iliyolipuliwa juu ya Lockerbie Desemba 21, 1988, akielekea New York ambako kesho yake mkataba wa uhuru wa nchi hiyo ulitiwa saini. Mwandishi Henning Mankell aliongoza jukwaa la Teatro Avenida mjini Maputo kwa miaka mingi. Wazee wa kizazi hicho waliobaki kusini wanawacheka kidogo hawa vijana wa viatu vya milimani na dira za bei mbaya. Wanasema: sisi tulikuja kwa watu.

Wamewaonea, lakini si sana. Kupenda nje kusini mwa Afrika hakujawahi kuwa jambo la bure. Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwaachia Waafrika takriban asilimia 7 ya nchi ya Afrika Kusini. Sheria za pasi, zilizofutwa mwaka 1986, ziliamua nani atembee wapi. Sheria ya kutenga fukwe kwa rangi ilidumu mpaka 1990. Kwa hiyo "kutembea tu" ilikuwa haki ya wachache, na ndiyo maana kijana wa Soweto aliyeanza kupanda Drakensberg majuzi anaulizwa na shangazi zake kama hana kazi. Sehemu ya kaskazini kabisa ya Kruger, ambako Mswidi anakwenda kumtafuta bundi adimu, ni nchi ya Wamakuleke. Walihamishwa kwa nguvu mwaka 1969, wakarudishiwa ardhi kisheria mwaka 1998, wakaamua ibaki hifadhi na wapokee mapato. Ukilala kambi ya pale mwenye nyumba wako ni wao.

Nimewasikia Waswidi wakilizungumzia hili kwa uchungu wa kweli, wakilaani nyua. Huwa nawauliza habari za Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa nchi yao. Ile milima ya Kungsleden wanayoitembea bila hodi ni malisho ya reinidia, wale kulungu wa kaskazini, na Wasami wamewachunga huko kabla serikali ya Stockholm haijaanza kuichora ramani. Haki ya kila mtu kupita ni nzuri kwa anayepita. Kwa mfugaji ambaye kundi lake linatawanywa na watembeaji na mbwa wao wakati wa kuzaa, ni jambo jingine. Januari 2020 Mahakama ya Juu ya Uswidi iliamua kwamba kijiji cha Kisami cha Girjas, si serikali, ndicho chenye mamlaka ya kutoa vibali vya uwindaji mdogo na uvuvi katika eneo lake la milimani. Baada ya hukumu Wasami walitukanwa na kutishwa, na reinidia wao wakakutwa wameuawa. Mwaka 2021 serikali iliunda kamati ya kuipitia upya sheria ya ufugaji wa reinidia ya 1971.

Mmoja wao, mstaafu anayekuja Cape Town kila Novemba, aliniambia kwamba hajawahi kukutana na Msami hata mmoja maishani mwake, ingawa milima yao ameitembea tangu ujana. Wamakuleke ameshakula nao chakula mara kadhaa.